Saa Isiyotumia Betri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Mtwara na Lindi

Maswali haya huzuka kila mtu anapoona saa ya ufunguo, yaani isiyotumia betri, mkononi mwa mwenzake: barazani, kwenye foleni ya benki wakati wa malipo ya korosho, mbele ya meza ya fundi saa. Tumeanza na ya mwanzo kabisa, tukamalizia na ya watu waliokwisha kunogewa.

## Ya mwanzo

Saa isiyo na betri inatembeaje?

Inatembezwa na springi. Ndani ya kikopo kidogo cha duara kuna utepe wa chuma uliosokotwa. Ukizungusha kitufe cha ubavuni unaukaza, nao unataka kujikunjua. Nguvu hiyo inapita kwenye gia kadhaa hadi kwenye gurudumu la mizani, linalocheza huku na huku bila kuchoka, likirudishwa na springi nyingine nyembamba mno. Kila likicheza, linaruhusu jino moja tu la gia lipite. Mlio unaousikia ukiiweka saa sikioni ni wa meno hayo yakiachiwa moja baada ya jingine.

Seiko nyingi zinazovaliwa huku hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde. Kwa siku nzima ni mara 518,400. Ndiyo maana mshale wake wa sekunde huonekana unateleza, wakati ule wa saa ya betri huruka hatua moja kila sekunde.

Otomatiki na ya kutia ufunguo zinatofautianaje?

Ya kutia ufunguo unaijaza mwenyewe kwa vidole, mara moja kwa siku, afadhali saa ileile kila siku. Kitufe kikikaza, acha. Otomatiki ina bapa zito la nusu duara linalozunguka kila unapotikisa mkono, nalo ndilo linalokaza springi. Huwezi kuijaza kupita kiasi kwa kuivaa, kwa sababu springi yake ikishajaa huteleza ndani ya kikopo.

Jambo la kujua mapema: Seiko zenye mashine (utumbo unaoitembeza saa) ya namba 7S26 hazikubali kabisa kujazwa kwa kitufe. Zikisimama, zitikise taratibu kwa nusu dakika kisha uvae. Zikijaa hutembea karibu saa 41. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, tarajia kuikuta imesimama Jumapili kabla ya adhuhuri.

Simu yangu ina saa sahihi. Kwa nini nivae kitu kinachopotea?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa kejeli. Tukubali kwanza: kwa usahihi umeshatushinda. Tangu tarehe 25 Desemba 1969, Seiko walipoanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na jiwe la kwatzi, ubishi huo umekwisha. Kwatzi ya kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na gurudumu la mizani halina la kujibu.

Anayevaa saa ya ufunguo hatafuti sekunde. Anapenda kuwa na mashine ambayo kila kipande chake kinaonekana kwa jicho na kioo cha fundi, isiyoomba chaji, bando wala programu mpya. Ukiivaa inaishi, ukiitupa kabatini inalala, na ukiirudia baada ya miezi mitatu inaamka kama hukuiharibu. Simu ya miaka sita iliyopita nani bado anaitumia? Lakini Seiko ya mwaka 1978 iliyonunuliwa na mzee wa Newala inaweza kufunguliwa leo, ikaoshwa, ikatiwa mafuta, ikaendelea. Kitu kinachotengenezeka humpa mtu heshima fulani kwa mikono ya binadamu mwenzake.

Lipo na la kawaida zaidi. Ukitoa simu mfukoni kuangalia saa, utaibuka dakika ishirini baadaye ukiwa umesoma magrupu yote, na saa yenyewe huikumbuki.

Zinapotea kwa kiasi gani?

Siku ina sekunde 86,400. Mashine ya 4R36, iliyomo kwenye Seiko 5 nyingi mpya, imeruhusiwa na watengenezaji wake kuchelewa hadi sekunde 35 au kuwahi hadi 45 kwa siku, ingawa nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Saa za Uswisi zenye cheti cha kronomita, yaani cha usahihi wa mwendo, hupimwa kwa ukali zaidi: wastani wa kuchelewa sekunde 4 hadi kuwahi sekunde 6.

Ukilala, jaribu kuiweka uso juu usiku mmoja na kitufe juu usiku mwingine. Mwendo hubadilika kidogo kwa kila mkao, na wazoefu huutumia mkao kurudisha sekunde zilizozidi.

Naweza kuitegemea kwa futari na daku?

Ukiirekebisha kila wiki, ndiyo. Saa inayowahi sekunde 20 kwa siku itakuwa imewahi dakika 2 na sekunde 20 wiki ikiisha, na dakika mbili jioni ya Ramadhani si kitu cha mchezo. Wengi huilinganisha na simu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Adhana ikitofautiana na mkono wako, fuata adhana.

## Kununua

Nianze na saa ipi?

Seiko 5. Tunajua jibu hili limechosha, lakini lina sababu. Familia hii ilianza mwaka 1963, na ile tano ilihesabu sifa zake: inajijaza yenyewe, siku na tarehe ziko kwenye dirisha moja, inazuia maji, kitufe kimefichwa kwenye saa nne ya uso, na bodi (ganda la nje la saa) na mkanda ni imara. Mafundi wameshazifungua nyingi, na vipuri vyake hupatikana kwa kuchinja saa nyingine. Orient na Citizen za otomatiki ni nzuri vilevile. HMT za India, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, ni saa za ufunguo rahisi na zenye sura ya kupendeza, ila soma kwanza swali la feki hapa chini.

Kabla ya kulipa, uliza: nani ataifungua ikisimama? Saa ya fahari ya Uswisi ambayo hakuna mtu kati ya Kilwa na Masasi atakayeigusa itakuwa bangili. Gawa bajeti yako mafungu matatu, mawili ya saa na moja la fundi.

Ninunue wakati gani wa mwaka?

Usinunue minada ya korosho inapoanza kulipa. Kuanzia Oktoba hadi Desemba pesa iko mitaani na muuzaji anajua, hata saa iliyokufa hupandishwa bei. Subiri Februari au Machi, mvua imekolea, ada za shule zimeshakomba, na wale walionunua kwa mbwembwe wanaanza kuuza. Si uungwana kumkandamiza mtu mwenye shida, lakini bei ya haki utaipata wakati huo.

Nitaijuaje feki?

Kwanza tutenganishe. Kuna feki kabisa: jina kubwa usoni, mashine ya betri ndani, mshale wa sekunde unaruka. Hiyo haihitaji mtaalamu. Kuna na ile inayowanasa hata wazoefu, saa ya zamani yenye mashine ya kweli iliyopakwa uso upya na kuunganishwa kwa vipande vya saa tatu nne. Nyingi za namna hii hutoka Mumbai, hasa Seiko na HMT. Rangi kali ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa, herufi zilizopinda au kuvimba wino, na saa ya miaka ya sabini inayometa kama ya jana, yote hayo yakufanye urudishe mkono mfukoni.

Kwa Seiko, geuza mfuniko. Utaona namba kama 7S26-0480: tarakimu nne za mwanzo ni za mashine, nne za mwisho ni za bodi. Chini kabisa ya uso, kwa maandishi madogo sana, namba inapaswa kuanza na mashine hiyohiyo. Zisipolingana, vipande vimechanganywa. Halafu tazama namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Inayoanza na 9N ni ya Novemba ya mwaka unaoishia na 9. Mwaka gani hasa, mashine itakuambia: 7S26 ilianza 1996, kwa hiyo haiwezi kuwa ya 1989.

Saa ya vipande mchanganyiko si haramu. Bei yake tu ndiyo iwe ya vipande mchanganyiko.

Saa ya babu ilikuwa inang'aa gizani. Ina hatari?

Zile za kabla ya miaka ya sitini mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu. Kwamba haing'ai tena hakumaanishi imeisha; kilichochoka ni rangi, radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa imefungwa, kuivaa mara mojamoja hakuwatishi wengi. Hatari ni vumbi lake. Usiifungue nyumbani, usikwangue uso, na mwambie fundi kabla hajaishika.

## Jasho, chumvi, mvua na salfa

Imeandikwa mita 30. Naweza kuogelea nayo baharini Shangani?

Hapana. Namba hiyo hutokana na kipimo cha shinikizo kwenye maji yaliyotulia, tena saa ikiwa mpya. Mita 30 chukulia ni kunawa mikono na manyunyu. Mita 50, kuzama kwa bahati mbaya. Kuogelea anza na mita 100, na ya kuzamia hasa iwe ya mita 200 yenye kitufe kinachokazwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Mipira inayozuia maji huzeeka, kwa hiyo saa ya miaka ishirini iliyoandikwa 200 ambayo haijabadilishwa mipira ihesabu kuwa haina kinga yoyote.

Nimetoka nayo baharini, nifanye nini?

Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ukaushe. Kitufe usikiguse ikiwa na maji. Hata asiyeingia baharini, akikaa Mikindani au Lindi mjini, afute mgongo wa saa kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya siku chache, maana jasho na upepo wa bahari hufanya kazi ileile polepole.

Kioo kimeingia ukungu kwa ndani.

Nenda kwa fundi leo, usisubiri kesho. Kuizika kwenye mchele hakusaidii: unyevu umeshaingia kwenye springi na gia za chuma, na kutu haingoji wali uive. Kama yalikuwa maji ya chumvi, kila siku inayopita inaongeza vipuri vya kununua. Ukungu unaotokea kwa dakika moja ukiingia kwenye kiyoyozi kisha ukapotea bado ni dalili ya unyevu ndani, ila una muda wa kupanga safari.

Naivaa shambani wakati wa kupuliza mikorosho salfa. Kuna ubaya?

Ivue. Salfa huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na unga wake ni laini kiasi cha kujipenyeza kila upenyo. Ongeza mtetemo wa pampu ya injini mgongoni asubuhi nzima, basi hakuna sababu ya kuiweka saa kwenye adha hiyo. Wakati wa kubangua ni vivyo hivyo: mafuta ya ganda la korosho yanayochoma ngozi ya mtu hayauachi mkanda wa ngozi salama.

Mkanda gani unafaa huku?

Nailoni au mpira kwa siku za kazi. Ngozi iache kwa Ijumaa na harusi. Kwa joto la huku huanza kunuka kabla hata haijachakaa. Wa chuma ni mzuri, uoshwe kwa mswaki na sabuni.

## Njiani na kazini

Bodaboda na barabara za vumbi zinaiua saa?

Bodaboda, si rahisi. Saa nyingi za mkono zilizotengenezwa ndani ya miaka hamsini na kitu iliyopita zina kinga ya mshtuko: jiwe linaloshika ekseli ya gurudumu la mizani limekalishwa juu ya kispringi kidogo, hivyo pigo halifiki moja kwa moja. Kugonga nyundo, kuchimba na kupasua kuni ni habari nyingine, hapo ivue.

Kabla ya kinga hizo, anguko moja lilitosha kuharibu safari nzima. David Livingstone alianza safari yake ya mwisho hapahapa Mikindani, Machi 1866, akiwa na kronomita za kupimia longitudo. Mwaka uliofuata, huko bara, mpagazi aliyezibeba aliteleza akaanguka mara mbili. Saa zikabadilika mwendo, na vipimo vyake vya longitudo vikapotoka. Si ajabu: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo dakika moja tu ya kosa kwenye saa inakuhamisha karibu kilomita 28 kwenye maeneo ya ikweta. Wanaopita mbele ya lile jengo la kumbukumbu yake Mikindani hawaambiwi habari hii, nasi tunadhani ndiyo ya kuvutia kuliko zote.

Ghafla inawahi dakika kadhaa kwa siku. Imekufa?

Huenda imeshikwa na sumaku. Spika, kava la simu lenye sumaku, hata kifungo cha pochi, vinatosha kuzigandisha mizunguko ya ile springi nyembamba, na gurudumu likaanza kwenda mbio. Isogeze karibu na dira: sindano ikicheza, umepata jibu. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anamaliza kazi kwa sekunde chache, na asikutoze bei ya sevisi. Dira isipocheza, soma kuhusu mafuta kwenye swali la sevisi.

## Fundi

Nitamjuaje fundi anayejua?

Meza nyingi za sokoni ni za betri, mikanda na vioo, na hiyo ni kazi halali. Kwa saa ya ufunguo, muulize anaoshaje. Akisema anaichovya mashine nzima kwenye petroli kisha anadondosha mafuta ya cherehani, mshukuru uondoke. Anayejua huichomoa gia moja moja, huosha vipande vikiwa vimetengana, na hutia mafuta kwa sindano, tone dogo kwenye kila jiwe, huku springi nyembamba akiiacha kavu kabisa. Angalia pia mikwaruzo: mfuniko uliochunwa na bisibisi unasema mengi kuhusu mtu wa mwisho aliyeufungua.

Mafundi wa namna hii wengi ni wazee, na wanafunzi wao ni wachache. Ukimpata wako, mpelekee kazi hata ndogo, ulipe kwa wakati, wala usimkatie bei mpaka akajuta kukufahamu. Asiye na fundi karibu hutuma saa Dar es Salaam, ikiwa imefungwa vizuri, na mtu anayemwamini.

Sevisi kila baada ya muda gani?

Kila miaka minne au mitano kwa saa inayovaliwa. Mafuta hukauka, gia zinaanza kusagana bila kelele, na saa inaendelea kutembea huku ikijila. Kuchelewa sana, au kusimama usiku wakati mchana imevaliwa vizuri, ni dalili.

Kipuri hakipatikani, nifanyeje?

Tafuta saa mbovu yenye mashine ileile uinunue kwa bei ya chuma. Kwa 7S26 kuna njia nyingine: mashine mpya ya NH36, ambayo ni ndugu wa 4R36, mara nyingi huingia kwenye bodi hiyohiyo, na juu yake unapata uwezo wa kujaza kwa kitufe. Wapenda asili watanuna. Saa ni yako.

## Ya pembeni

Mwanamume Mwislamu anaweza kuvaa saa ya dhahabu?

Dhahabu imekatazwa kwa wanaume, na saa haina msamaha wake. Chuma cha pua hakina neno. Rangi ya dhahabu isiyo dhahabu si dhahabu, lakini kuhusu ile iliyopakwa dhahabu halisi kwa wembamba wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo mpelekee shekhe wako, tena umwonyeshe saa yenyewe.

Wanawake je?

Wavae. Saa za ufunguo za kike za zamani ni ndogo mno, na mafundi wengi hukwepa mashine zake. Saa ya kiume ya zamani yenye upana wa milimita 36 inakaa vizuri kwenye mkono wa mwanamke na inatengenezeka.

Ni uwekezaji?

Hapana. Anayetaka pesa izae apande mikorosho.

Saa ya mjomba inamwendea nani?

Kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao wanaofuata ukoo wa mama, mpwa huitazama saa ya mjomba kwa jicho la haki. Mtoto wa marehemu naye anaitazama. Sheria ya mirathi na mila hazisemi jambo moja, na tumeona saa ya bei ya kuku ikivunja mazungumzo ya ukoo. Mjomba mwenye busara huikabidhi mwenyewe akiwa hai, mbele ya watu. Na wewe uliyekabidhiwa, usiijaze palepale kwa furaha. Kama imelala miaka, mafuta yamekauka. Ipitishe kwanza kwa fundi.

Naweza kuiweka isome saa za Kiswahili?

Inawezekana. Saa moja asubuhi, weka mshale kwenye 1 badala ya 7, na mishale haitalalamika. Ugumu uko kwenye tarehe. Tarehe hugeuka mishale inapokutana kwenye 12 kila raundi ya pili, na kwa saa uliyoiweka hivi, 12 inaangukia saa kumi na mbili asubuhi au jioni. Ukichagua igeuke jioni, itaenda sambamba na hesabu ya Kiislamu, ambayo siku huanza jua likizama, na usiku wa kuamkia Ijumaa dirisha litakuwa limeshasema Ijumaa. Ila mwenye kusaini hati saa mbili usiku ataandika tarehe ya kesho. Ukichagua asubuhi, tarehe itakuwa nyuma kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, wakati ambao wengi wamelala.

Tahadhari moja: usibadilishe tarehe kwa kitufe mishale ikiwa kati ya 9 na 3 kuelekea mgeuko, kwa sababu gia za tarehe zimeshaumana na jino linaweza kuvunjika. Kwa saa ya kawaida ni saa tatu hadi saa tisa usiku. Kwa uliyoiweka Kiswahili na mgeuko wa jioni, ni saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Mwambie na fundi umeiwekaje, la sivyo atakurudishia imepangwa upya.